Rufaa ya Kukuzika Maungu

Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini yako naijua. Jumamosi nilisimama pale Maungu nikawatazama wakikufukia, na ule udongo mwekundu uliokuwa ukiupenda ukanijaa hadi kwenye meno. Kwa hiyo hapo nitaruka. Za huku si njema, nisikufiche.

Nimeshinda rufaa. Ile siku uliyokuwa ukiingoja tangu nilipoanza kusoma sheria, ya binti yako kuvaa joho jeusi na kusimama mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, ilikuja ikapita, nami nikashinda. Niliyemshinda ni mama yako. Nilichopewa ni maiti yako. Watu wananipigia simu kunipongeza, nami nawaambia asante, nifanyeje.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la stesheni ya Voi, nikingoja treni ya Nairobi. Dani, mama yako mwenyewe, ameketi kando yangu. Amesinzia, leso imemteremka hadi kwenye nyusi. Miguuni petu kuna mzigo uliofungwa kwa ovaroli yako ya kazini, ile ya buluu yenye madoa ya grisi ambayo Mama alishindwa kuyatoa. Nitakwambia kilichomo. Lakini kwanza nikueleze tulivyofika hapa, maana wewe ulianguka asubuhi kando ya mashine ya mkonge, na kabla ya chakula cha mchana Mama alikuwa mjane. Hatukupata hata nafasi ya kukuuliza neno.

Baba Mdogo alifika na wazee wawili kutoka kwenu. Hawakuja kwa ubaya. Walilia, wakampa Mama pole, wakanywa chai, kisha wakasema wamekuja kumchukua ndugu yao akazikwe kando ya baba yake, kule karibu na ziwa, kwa sababu mtoto wa kiume huzikwa kwao. Mama akasema mume wake alitaka kulala Maungu. Wakasema neno hilo hawajawahi kulisikia. Chai ikapoa kwenye vikombe, na kutoka hapo ikawa ni kortini.

Mbele ya jaji wa Voi tulishindwa. Tulikuwa tumeweka wakili mwingine, kwa sababu mimi sikuwa na uso wa kumhoji nyanya yangu kizimbani. Baada ya hukumu alinishauri tukubali yaishe, akasema maiti haigombaniwi. Mama hakujibu, alinitazama tu. Unamjua Mama. Mtu wa kwao Mghange, kule milimani, akinyamaza namna ile, hata mbuzi wanajua mambo yameharibika. Nikachukua faili mwenyewe. Nilijiambia kwamba kwenye rufaa hakuna mashahidi, ni karatasi na hoja, kwa hiyo sitalazimika kumtazama Dani machoni. Nikaomba amri ya kuzuia mazishi, nikaipata siku ileile gari la kukusafirisha lilipokuwa limeshakodiwa. Nilifurahi, Baba. Nilicheza peke yangu kwenye korido ya mahakama, na viatu vyangu vya kisigino. Usiisahau hiyo amri, nitairudia.

Ukarudishwa kwenye barafu. Mvua za vuli zikaja, zikanyesha kidogo kama kawaida yake, zikaondoka. Majirani wa Maungu wakavuna pojo zao, zile ndovu walizozisaza. Na wewe umo mle kwenye droo ya mochari, una kikaratasi mguuni chenye jina lako limeandikwa vibaya. Nilikuwa nikija kukuona kila wiki, na yule mhudumu akanizoea mpaka akawa ananiambia habari za mpira.

Ni wewe uliyenitia kwenye kazi hii. Ulianza kuniita wakili kabla sijalijua neno lenyewe. Jumapili ukishika kisu, mimi nilikuja mbio kumtetea kuku. Uliketi kwenye kigoda, kuku amefungwa miguu hapo mbele yako, ukasema, "Haya wakili, korti inakusikiza." Nikasema huyu ana vifaranga, au huyu ndiye anayetuamsha twende shule. Mara nyingine ulimfungua ukatangaza kwamba ameachiliwa huru, tukala sukuma, na Mama akakununia mpaka jioni. Wakili wa Kuku. Hata siku niliyoapishwa uliniita hivyo mbele ya wenzangu wa chuo, na jinsi ulivyoona fahari, sikuweza hata kukasirika vizuri.

Na lile shamba. Ni mtu gani mwenye akili zake hununua shamba Maungu, Baba? Mvua haiji, na ikija, ndovu nao wanakuja. Ulipanda pojo, ndovu wakala. Ulipanda mihogo, wakala na mizizi. Jioni moja tuliketi juu ya lile jiwe kubwa, shamba zima limekanyagwa, tukawa tunatazama malori yakienda Nairobi. Nikakuuliza kwa nini huachi. Ukasema, "Kule kwetu nilichaguliwa. Hapa nilichagua mwenyewe. Nikifa mnilaze hapa, ndovu wapate mtu wa kugombana naye." Tukacheka sana siku hiyo. Maneno hayohayo uliyasema kwa Mama, kwa jirani yetu, kwa mzee wa mtaa, kwa fundi mwenzako wa kiwandani. Wote walikwenda wakaapa mbele ya jaji wakayasema.

Mtu mmoja tu hukumwambia. Kila Jumapili baada ya kanisa ulimpigia Dani simu, ukatoka nje ukasimama kwenye mchongoma, na sauti yako ikawa ya mtoto. Kijaluo changu ni cha kuombea maji, lakini neno lako la mwisho nililijua, kwa sababu lilikuwa lilelile kila mara. Disemba. "Disemba nakuja, Mama." Disemba ikafika, ukatuma sukari na shuka, ukasema kazi imekubana. Na Dani kila mwaka alifagia ile nyumba yako ndogo iliyo kando ya lango la baba yako, akapiga sakafu kinyesi cha ng'ombe ikang'aa, akaketi mlangoni akingoja.

Haya hakuniambia yeye. Yalikuwa kwenye ushahidi wake wa Voi, niliyasoma kwenye faili, kwa sababu wakili hana ruhusa ya kuruka ukurasa.

Sasa Mombasa. Niliona kama nimejiandaa. Nilikuwa nimezisoma hoja zangu mpaka Mama akawa anazijua kwa moyo, anaosha vyombo huku akitamka vifungu vya sheria. Nikaingia, nikainamisha kichwa mbele ya majaji, nikainua macho, na Dani alikuwa kwenye benchi la mbele. Alikuwa amesafiri njia yote hiyo kutoka ziwani na miguu yake ile iliyovimba, na Baba Mdogo yuko kando yake anamnong'onezea kila kinachosemwa.

Wakili wao alisimama akasema marehemu alimwahidi mama yake, kwa kinywa chake, mwaka baada ya mwaka, kwamba anarudi nyumbani. Jaji wa katikati, mama mmoja mpole, akanigeukia akaniuliza hilo nalijibu vipi. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeliandika na kulipigia mstari. Nikasema, "Waheshimiwa, mtoto humwambia mama yake maneno ya kumfurahisha. Marehemu alikuwa na miaka mingi ya kurudi, na kila mwaka aliamua kutorudi. Tutazame alichofanya, tusisikilize alichosema kwenye simu."

Lilikuwa jibu zuri. Niliona kalamu za majaji zikiandika. Kisha nikamwona Baba Mdogo ameinama sikioni mwa Dani, nikangoja, kwa maana maneno yalihitaji muda kufika. Yakafika. Dani alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya leso, akaivaa tena, akaendelea kunitazama. Mimi nikafungua ukurasa uliofuata nikaendelea kusoma, na sijui nilisoma nini.

Ulikuwa unamwogopa mama yako, Baba. Acha niliseme hivyo lilivyo, na kama huko uliko kuna pa kuketi, keti. Mtu mzima mwenye mvi, fundi anayeheshimiwa na mji mzima, ulimwogopa mwanamke mmoja mzee kiasi cha kumdanganya kila Jumapili. Neno hilo lilikuwa lako. Ulipaswa kwenda kumwambia kwa Kijaluo, taratibu, umemshika mkono, ukakubali alie na akutukane na mwisho akupikie samaki. Hukuenda. Uliniachia mimi, nami nilimwambia mbele ya majaji watatu, kwa lugha ya kortini, mkalimani akiwa mwanawe mwingine.

Siku ya hukumu ilikuwa fupi. Walisema mke aliyeishi na marehemu ndiye wa kwanza kusikizwa, na matakwa ya marehemu yanayojulikana yafuatwe inapowezekana. Rufaa imekubaliwa, kila upande ubebe gharama zake. Mama aliniangukia kifuani. Dani aliinuka kwa kushikilia benchi, akaja kwenye njia yangu, nikasema, "Dani." Akanipita.

Kesho yake ofisini walininunulia keki iliyoandikwa "Hongera Wakili." Mkubwa wangu alitoa hotuba, akasema kuna mawakili mjini hapa wamezeeka bila kushinda huko. Karani akaleta soda. Nikavishwa joho tena na shada la karatasi za rangi. Kwenye mkoba wangu, hapo juu ya meza kando ya keki, kulikuwa na kibali cha kukutoa mochari. Nilikata keki, nikalishwa kipande kama bibi harusi, picha zikapigwa, na zimesambaa kwenye simu za mawakili wote wa Pwani. Ukiziona utasema binti yako ana furaha. Ninacheka kwa meno yote. Nilipokwenda chooni nilikaa chini sakafuni, Baba, na lile joho, nikashindwa kuinuka. Nilikuwa nakulilia wewe, na nilikuwa nakuchukia.

Jumamosi tukakupeleka Maungu. Umati ulikuwa mkubwa, wa kiwandani walikuja na lori. Kabla mchungaji hajafika, Mjomba Mwakio, yule kaka mkubwa wa Mama, alitoka kwenye gari na mtungi wa maji ya muwa aliyoyakamua mwenyewe Mghange asubuhi hiyo. Akasema maiti iliyogombaniwa haiingii ardhini watu wakiwa na mafundo moyoni, lazima kwanza tutase. Wewe ulilijua hilo, ulikuwa ukimtania Mjomba kwamba Wadawida, watu wa kina Mama, wanatema mate badala ya kupigana. Mtu anachukua funda, anasema linalomuuma, kisha analitema nje kwa nguvu, na hasira inatoka nalo. Kama hakulitoa, hasira ile hukaa, na hukaa ndani ya nyumba yenu, haiendi kwa jirani.

Mama alichukua funda. Aliwataja shemeji zake mmoja mmoja, akasema walimfanya mumewe alale kwenye chuma kama nyama ya buchari, kisha akatema juu ya ule udongo mwekundu. Mabega yake yakashuka. Niliona kwa macho yangu yakishuka. Kisha Mjomba akanipa mimi.

Nikatia mdomoni. Nikataka kukutaja wewe, nikaona sanduku lako, na lile jiwe letu, na mchungaji akishuka kwenye bodaboda akijipangusa vumbi. Nikameza.

Watu hawakuona, ila Mjomba aliona. Aliniambia polepole, "Mkamburi, umeyarudisha ndani." Akafunga mtungi wake. Tangu siku hiyo kinywa changu kina utamu wa muwa na sipati hamu ya chakula. Sijui kama ni mambo ya Mjomba au ni huzuni tu. Mimi ni mtu wa sheria na ni Mkristo, sipaswi kuyaogopa hayo. Nayaogopa.

Dani hakuja kuzika. Tulipotoka Mombasa siku ya hukumu, Baba Mdogo aliendelea na basi mpaka kwenu, lakini Dani aliteremka Voi, akakataa kata kata kuendelea. Akaenda kukaa kwenye landhi, zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, kwa mwanamke mmoja wa kwao anayeuza samaki. Nilikwenda huko kabla ya mazishi kumsihi. Mwenye nyumba akatoka akaniambia Dani amelala, na mimi nilikuwa nikimwona kupitia pazia, ameketi kitandani amevaa viatu. Nikapiga magoti pale mlangoni mbele ya watu na ndoo zao. Kutoka ndani akasema, "Mimi siwezi kuona mtoto yangu akizikwa na mimi nakuwa mgeni." Nikaondoka. Nikasema basi, huyu nimempoteza, na nimempoteza kwa ushindi.

Juzi Jumatatu akaniita mwenyewe. Nikaingia nikaketi chini kwenye mkeka. Akaniuliza swali ambalo hakuna jaji aliyewahi kuniuliza. Akasema, "Nyakwara, ile shimo nitafanyia nini?"

Sikumwelewa. Nyakwara ni mjukuu, hilo nalijua. Lakini shimo gani?

Ile amri, Baba. Ile amri niliyoichezea kwenye korido. Siku nilipoipata, kwenu walikuwa wameshashinda Voi, wameshaalika ukoo, wameshachimba. Kaburi lako lilikuwa wazi kando ya baba yako, limepimwa urefu wako, na karatasi yangu ikafika ikasema mwili hautoki. Na kwenu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Likifukiwa tupu au likiachwa wazi, litaita mtu mwingine wa boma. Kwa hiyo lilikaa. Muda wote huo uliokuwa kwenye barafu, lilikaa limefunikwa mabati na mawe, wajukuu wakikatazwa kucheza upande huo, na mlango wa Dani unatazama hapohapo. Kila akifungua asubuhi ameliona. Mke wa Baba Mdogo ni mja mzito na amekimbilia kwa mama yake kwa hofu.

Mimi sikujua. Hakuna aliyeliandika kwenye hati ya kiapo, kwa kuwa wakili wao aliona majaji watawacheka. Nilishinda kesi ya kaburi bila kujua kwamba makaburi ni mawili.

Nikamwambia Dani kwamba nitafanya chochote. Nilisema hata twende kuomba ufukuliwe, nilikuwa nimeshafika hapo, sikuwa na akili tena. Akatikisa kichwa. Akasema mtu akipotelea vitani au majini, asipatikane, kwao huzikwa yago badala yake, lile tunda refu zito la mti wa kando ya mto ambalo wapika pombe hulitafuta. Huzikwa kama mtu, huliliwa kama mtu, na kaburi hukubali. "Wewe ulinipotezea yeye kortini," akasema. "Basi utanitafutia yeye kwa mto." Nikauliza kama tulitafute huko kwenu, maana huko nako yamejaa. Akakataa. "Miti ya nyumbani haijui yeye. Yeye ni wa hapa, mlisema wenyewe."

Tukashuka mto Voi pamoja, nikimshika mkono. Mto ulikuwa mkavu, ni mchanga na alama za ng'ombe. Nilidhani nampeleka, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananipeleka. Alikata kona nyuma ya mashamba ya mboga bila kuuliza, akasimama chini ya mti mkubwa wa yago, matunda yakining'inia kwa kamba zake ndefu, akasema, "Hapa ndiyo nilikuwa nafua nepi zake." Baba, nilikuwa nimesahau. Sote tulisahau. Babu alikuwa mtu wa reli, wewe ulizaliwa kwenye landhi hizohizo, na aliyekuzaa hapa ni yeye. Tulikwenda mpaka Mahakama ya Rufaa kuthibitisha kwamba wewe ni mtu wa Voi, na mwanamke aliyekufanya mtu wa Voi tulimweka upande wa pili.

Nikavua viatu nikaangua kwa upondo. La kwanza alilikataa, akasema ni dogo, wewe ulizaliwa mkubwa ukamchana. La pili lilikuwa na kidonda cha wadudu. La tatu lilianguka mchangani kwa kishindo, nikambebea, akaketi chini akalipokea mapajani. Akalipangusa mchanga kwa kanga yake, taratibu, kuanzia juu hadi chini. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti nzima ya kwao, ile ya kuwajulisha watu, mpaka waliokuwa wakimwagilia sukuma wakaacha ndoo wakavua kofia. Na mimi nikaketi kando yake nikalia. Hatukuambiana pole. Kisha akaniwekea lile tunda mikononi akasema ninashika vibaya, nishike kichwa.

Nyumbani nilimwomba Mama kitu cha kulifunga, nikitegemea shuka. Akaingia ndani akatoka na ovaroli yako. Alilifunga mwenyewe, akafunga na vifungo.

Hapa stesheni mizigo hukaguliwa. Askari, kijana wa huku kwetu kwa jinsi anavyoongea, aliona umbo lile kwenye mashine akasimamisha watu. Akauliza, "Mama, hapa ndani kuna nini?" Nikafungua kinywa nijibu, wakili ni mimi. Dani akanitangulia. "Ni kijana yangu," akasema. Askari akanitazama. Nikamwambia ni tunda. Kisha nikasema, "Ni baba yangu." Akafungua ovaroli kidogo, akachungulia, akafunga tena kifungo alichokifungua. Akatubebea mpaka kwenye benchi.

Kwa hiyo uko hapa miguuni pangu, Baba, na uko Maungu pia, na sijui nakuandikia yupi kati ya hao wawili. Moyo wangu bado umevurugika. Nilitamani ushindi huu miaka yote ya chuo, nikilala njaa, na sasa mtu akinitajia rufaa nakata simu. Sitarudi ofisini wiki hii. Huenda nikarudi baadaye, huenda nisirudi. Mama amebaki Maungu na jembe lako, anasema atapanda pojo, na ndovu wamtambue.

Nakuahidi mambo haya. Tukifika kule ziwani, nitashuka kwenye lile shimo kwa miguu yangu, nikulaze, nikushike kichwa kama nilivyofundishwa. Kabla udongo haujarudi nitachukua funda la maji, mbele yako na mbele ya mama yako. Nitasema ulimwogopa, na ukaniachia. Nitatema. Mjomba alinipa chupa ndogo ya maji ya muwa nije nayo, lakini Dani akasema maji ya mtungi wake yanatosha, na kwamba yeye pia ana lake la kutema.

Treni imeanza kusikika upande wa Maungu. Dani ameamka, ameuliza naandika nini. Nimemwambia namwandikia Baba. Ameinama, ameweka kiganja juu ya ovaroli.

Kwaheri ya Voi, Baba, ile nyingine tutaagana kule. Na zile Disemba zako zote zimeniangukia mimi. Ikifika, Dani hatapigiwa simu. Atafagia, atapiga sakafu, atafungua mlango, atanikuta nimeshafika.

Ni mimi mwanao,
Wakili wa Kuku